Ua la Samawati Katika Ua wa Nyumba

Ndugu wasomaji, na khasa nyinyi mama zetu na dada zetu ambao ndio watunzaji wa nyua za nyumba zetu: katika miaka hii biashara ya kuuza miche ya maua kandokando ya barabara imeenea sana. Kila mji mkubwa wa Afrika ya Mashariki una mahali pake ambapo miche hupangwa safu kwa safu ndani ya mifuko myeusi, na mpita njia huvutwa na rangi akasimama, akauliza bei, akanunua. Miongoni mwa miche hiyo umo mmoja wenye majani marefu kama mikanda, na katikati yake kikonyo kilichonyooka kama bakora, na juu ya kikonyo kichwa cha mviringo chenye vijiua vingi vya rangi ya samawati au vyeupe. Jina lake ni agapanthasi. Mwenye kuliona limechanua ni shida kulipita asigeuke kulitazama mara ya pili.

Basi mnunuzi hulichukua akaenda nalo nyumbani. Akiwa ni mkazi wa nchi ya baridi kidogo, aghlabu hufurahi nalo miaka mingi. Lakini akiwa ni mkazi wa pwani, mara nyingi lile ua alilolinunua likisha kunyauka haoni tena la pili. Majani huota, mwaka hupita na wa pili hupita, na mwenyewe huzidi kulimwagilia maji asubuhi na jioni na kulitia samadi, akidhani kwamba limekosa huruma. Hatimaye mizizi huoza, majani hugeuka manjano, na chungu hubaki kitupu. Fedha imekwenda, maji yamekwenda, na mtu yule husema ya kwamba yeye hana mkono wa kupanda.

Sisi twaona kwamba mkono hauna lawama. Lililokosekana ni kuijua asili ya kitu. Mgeni akibisha hodi, mwenye nyumba mwenye adabu humuuliza atokako na azoeleako, ndipo ajue ampe chakula gani na amlaze wapi. Mmea nao ni vivyo hivyo. Mwenye kujua agapanthasi imetoka nchi gani, na mvua ya kwao hunyesha lini, na baridi ya kwao ikoje, hatahitaji kukariri sheria nyingi za bustani, kwani sheria zote zimo ndani ya habari hiyo. Kwa sababu hiyo tumependa kuieleza habari yenyewe kwanza, kisha tuingie katika kazi ya jembe na chungu.

ASILI YAKE NA MAJINA YAKE

Waingereza na Wamarekani wengi huliita ua hili yungiyungi la Nile. Jina hilo halina ukweli. Kwanza, si yungiyungi. Wataalamu wa mimea huliweka katika ukoo mmoja na vitunguu. Pili, halikuota kamwe kandokando ya Mto Nile. Kwao ni kusini kabisa mwa bara letu la Afrika: tangu rasi ya Cape, kupita milima ya mashariki, mpaka milima iliyoko kusini ya Mto Limpopo. Lesotho na Eswatini zimo katika nchi zake. Waxhosa huliita isicakathi, na Wazulu huliita ubani. Waxhosa wamelitumia tangu zamani katika dawa zao za wanawake waja wazito; lakini tunamwonya msomaji asijaribu jambo hilo, kwa sababu tutakayoyataja mbele.

Waholanzi waliweka kituo cha merikebu zao huko Cape mwaka 1652, na tangu hapo mimea mingi ya Cape ilianza kusafirishwa Ulaya. Kabla ya kwisha karne ya 17 ua hili lilikwisha fika katika bustani za matajiri wa huko, likipandwa katika mapipa na vyungu ili liweze kuingizwa ndani wakati wa theluji. Mwaka 1753 mtaalamu mashuhuri Linnaeus aliliandika katika kitabu chake akilihesabu kuwa ni jamaa ya mimea mingine. Halafu mwaka 1789 hakimu mmoja wa Ufaransa aliyependa elimu ya mimea, jina lake L'Héritier, akalipa jina lake la sasa. Aliliunganisha kwa maneno mawili ya Kiyunani: agape, maana yake mapenzi, na anthos, maana yake ua.

Basi ua hili lilitoka Afrika likaenda Ulaya, likapewa jina huko, kisha likarudi Afrika ya Mashariki katika bustani za Wazungu wakati wa ukoloni. Ndiyo maana wengi wetu hudhani ni ua la Kizungu. La! Ni ua la Kiafrika, ila limetuzunguka kwa njia ndefu kabla ya kutufikia.

MAKUNDI MAWILI

Hapa ndipo penye ufunguo wa mambo. Mwaka 2003 wataalamu waliochunguza mimea hii walihesabu aina 6, ingawa mwaka 1965 mwanachuoni mwingine alihesabu 10. Hesabu haitushughulishi sana. Linalotushughulisha ni kwamba aina zote zagawanyika katika makundi mawili.

Kundi la kwanza ni la zile zisizopukutisha majani, na ndani yake zimo mbili zilizo mashuhuri. Moja huitwa Agapanthus africanus. Hiyo huishi katika milima ya mawe ya Cape ya magharibi, ambako mvua hunyesha wakati wa baridi na kiangazi huwa kikavu, na huchanua kwa wingi baada ya moto kupita mlimani. Ni mmea mgumu kufugwa nyumbani. Ya pili huitwa Agapanthus praecox, nayo hutoka mashariki zaidi, katika Eastern Cape na KwaZulu-Natal. Hiyo ndiyo mpole, na ndiyo iliyojaa katika bustani za dunia. Kikonyo chake huweza kufikia urefu wa meta 1, na kichwa kimoja cha ua huweza kuwa na vijiua vinavyopita 100.

Kundi la pili ni la zile zinazopukutisha majani. Hizo hutoka katika nyanda na milima ambako mvua hunyesha wakati wa joto, na wakati wa baridi nchi hukauka. Baridi ikifika, majani yake hufa yote, na mmea hulala chini ya udongo mpaka mvua irudi. Mtu asiyejua akiona hivyo hudhani mmea umekufa akautupa, kumbe umelala tu.

Yazingatieni makundi yote mawili, nanyi mtaona jambo moja linaloyaunganisha. Kila aina kwao hupata majira ya baridi. Hakuna hata moja iliyozoea mwaka mzima wa joto la usiku na mchana lisilobadilika. Tena wengi wa ndugu hawa huota kwenye miteremko na mawe, mahali ambapo maji hunyesha yakapita, hayatuami. Basi mwenye kushika mambo haya mawili, baridi ya majira na maji yasiyotuama, amekwisha shika nusu ya elimu ya ua hili.

BARA NA PWANI

Kwa hivyo msishangae mkisikia kwamba Nairobi na Limuru ua hili hustawi kama la kwao. Huko usiku ni wa baridi, na miezi ya Juni, Julai na Agosti hupoa vya kutosha kuukumbusha mmea majira yake. Mwenye kukaa nchi za juu namna hiyo, iwe ni Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda au Burundi, na apande bila ya hofu, ardhini au katika chungu.

Amma kwa ndugu zetu wa Mombasa, Tanga, Unguja, Dar es Salaam, Lamu na Pemba, lazima tuseme ukweli ulivyo. Agapanthasi katika joto la pwani huishi, na majani yake huwa ya kijani kizuri, lakini huwa bakhili wa maua. Lile ua lililokuwapo siku ya kununua aghlabu liliandaliwa mahali penye baridi kabla ya mche kuletwa mjini. Mwenye kuuza husifu ua, wala haelezi lilikotoka. Basi mkazi wa pwani akitaka kulinunua na alinunue, lakini ajue kwamba ananunua majani mazuri, na ua likija ni baraka ya ziada. Na aliye na mapato madogo, ambaye fedha ya mche ni fedha ya kitoweo, twamnasihi asinunue. Mbele kidogo tutamtajia badali iliyo bora kwake.

Mkazi wa pwani aliyekwisha kununua bado aweza kujaribu. Na auweke mmea upande wa mashariki wa nyumba, upate jua la asubuhi na kivuli cha alasiri. Asiuweke karibu na ukuta unaopigwa na jua la jioni, kwani ukuta hushika joto ukalitoa usiku kucha, na usiku wa moto ndio adui. Upepo wa bahari wenyewe hauutishi sana. Ni mmea wa nchi iliyo karibu na bahari. Kisha, wakati wa kipupwe, na aupunguzie maji ili apate kuonja mapumziko.

CHUNGU, DEBE NA UDONGO

Wengi wetu mijini hatuna bustani. Tuna ua mdogo wa saruji, au baraza, au roshani. Kwa watu hao agapanthasi ni rafiki, maana haichukii kufinywa. Mizizi yake ni minene, myeupe na yenye nyama, na chini ya udongo mna shina nene linalotambaa kama tangawizi. Mizizi hii hujaza chungu upesi, na mmea ulioshiba chungu huchanua vizuri kuliko mmea uliotiwa katika chombo kikubwa mno.

Kwa mche mmoja chatosha chungu chenye upana wa shubiri moja na kimo cha shubiri moja. Chungu cha udongo uliochomwa ni bora, kwa sababu hupitisha hewa na hakishiki moto sana. Asiyekuwa nacho atumie debe au ndoo iliyovunjika mkono. Lakini debe na plastiki nyeusi zikipigwa na jua huunguza mizizi, basi zipakwe rangi nyeupe au chokaa nje, au zizibwe kwa chungu kingine mbele yake. Chombo chochote kiwacho ni lazima kitobolewe matundu chini, manne au matano, yenye ukubwa wa kupita kidole. Chombo kisicho na tundu ni kaburi la mmea huu.

Udongo uwe hivi: mafungu mawili ya udongo mzuri wa shamba, fungu moja la samadi iliyooza kabisa hata isinuke, na fungu moja la mchanga. Mchanga na uwe wa mto. Mchanga wa pwani una chumvi, na asiyekuwa na mwingine auoshe mara nyingi kwa maji baridi kwanza. Chini ya chungu, juu ya tundu, weka kigae kimoja cha chungu kilichovunjika ili udongo usitoke na maji. Panda mche ili ile sehemu yanapotokea majani iwe sawa na uso wa udongo, au chini yake kiasi cha sentimita 2 tu. Ukizikwa sana huoza moyo.

Jua ni jambo la lazima. Katika nchi za baridi uupe mmea jua la siku nzima. Agapanthasi iliyowekwa chini ya mwembe itatoa majani marefu na dhaifu yaliyolala, wala haitatoa ua. Wako watu wanaoiweka ndani ya sebule kama pambo. Huko haiishi kwa raha.

MAJI NA CHAKULA CHAKE

Mmea huu una mizizi inayoweka akiba, kwa hivyo huvumilia kiu kuliko unavyovumilia tope. Tia kidole ndani ya udongo mpaka kifundo cha pili. Ukiona unyevu, acha. Ukiona ukavu, mwagilia mpaka maji yatoke tunduni, kisha uache tena. Katika chungu na wakati wa jua kali huenda ikawa kila baada ya siku mbili au tatu. Wakati wa masika huenda isihitajike kabisa. Unapoonekana kikonyo kinachomoza, usiuache ukauke mpaka ua lichanue.

Maji katika miji yetu ni ghali, na nyumba nyingi huyanunua kwa madumu. Si busara kumwaga dumu la maji safi kwa ajili ya ua. Maji ya udhu ambayo hayakuchanganyika na sabuni yafaa sana: yakingwe katika beseni badala ya kuachwa yaende mferejini. Maji ya kuoshea mchele na mboga kadhalika. Katika nyumba yenye watu wanne au watano wanaotawadha, maji hayo yatatosheleza vyungu kadhaa, na hapo ua litakuwa limefundisha watoto kutofanya israfu bila ya mwalimu kusema neno.

Ama mbolea, hapa ndipo wengi hupita kiasi. Samadi mbichi na mbolea za chumvi za kukuzia mahindi hutia nguvu majani na kunyima ua. Mmea wa chungu watosheka na gao moja la samadi iliyooza juu ya udongo mwanzoni mwa mvua. Ukitaka kuongeza, nyunyiza jivu la kuni kiasi cha kijiko kimoja cha chakula mara moja au mbili kwa mwaka, kwani ndani ya jivu mna chumvi inayosaidia maua. Pwani, ambako udongo mwingi umechanganyika na matumbawe, jivu halina haja, maana udongo wenyewe una chokaa ya kutosha.

KUGAWA NA KUPANDA MBEGU

Faida kubwa ya agapanthasi kwa mtu mwenye akili ya uchumi ni kwamba haina haja ya kununuliwa mara mbili. Baada ya miaka 4 hivi chungu kitakuwa kimejaa machipukizi, na mizizi itaanza kupanda juu ya udongo au kupasua chombo. Maua yatapungua. Hiyo ndiyo alama ya kwamba wakati wa kugawa umefika.

Ngoja maua yaishe, na mvua ziwe karibu. Utoe mmea wote, ukung'ute udongo, ukate shina lile la chini kwa kisu kikali, na kila kipande kiwe na majani yake na mizizi yake. Punguza majani kwa nusu ili mmea usipoteze maji. Viache vipande kivulini siku moja hata donda likauke, kisha uvipande. Huenda vikapumzika msimu mmoja bila ya kutoa ua, msivihimize. Mmea mmoja huweza kutoa miche minne, mitano au zaidi, na hapo ndipo jirani apatapo fungu lake. Mtaa mzima waweza kupambika kutokana na mche mmoja ulionunuliwa na nyumba moja.

Mwenye subira aweza kupanda mbegu. Ni nyeusi, nyembamba, zenye ubawa mmoja. Zichumwe vikonyo vikikauka na kuanza kupasuka, na zipandwe mbichi vivyo hivyo, zikifunikwa na udongo kidogo tu. Huota baada ya majuma kadhaa. Ua la kwanza huja baada ya miaka miwili au mitatu, pengine zaidi. Na mtoto si lazima afanane na mzazi wake kwa rangi wala kimo. Asiyehitaji mbegu na avikate vichwa vya maua mara tu vinaponyauka, ili mmea usipoteze nguvu.

HADHARI

Kuna mambo manne ambayo wauzaji hawayasemi, na sisi hatukuona haki kuyanyamazia.

La kwanza ni utomvu wake. Majani na shina vikikatwa hutoa maji yanayonata ambayo huwasha ngozi na kuchoma kinywa hata kikatoka vidonda. Watoto wadogo hupenda kutia kila kitu mdomoni, na shina la chini, kama tulivyosema, hufanana na tangawizi. Basi chungu kiwekwe mahali pasipofikiwa na mtoto anayetambaa, na mwenye kukata na anawe mikono kwa sabuni. Mtoto akitafuna, asuuzwe kinywa kwa maji mengi na apelekwe hospitali. Na ndiyo sababu tuliwakataza kuufanya dawa.

La pili ni kisahani cha chini ya chungu. Maji yaliyotuama humo ni uwanja wa mbu anayeuma mchana, ambaye ndiye aletaye homa ya dengi, homa ambayo wazee wetu waliijua kwa jina la kidingapopo. Dar es Salaam iliingiliwa na maradhi hayo mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Mbu huyo hahitaji bwawa. Kisahani kimoja chamtosha. Mayai yake hugandama ubavuni mwa chombo na huweza kukaa makavu kwa miezi, yakingoja maji. Kwa hivyo kumwaga maji peke yake hakutoshi: kisahani na kisuguliwe kila juma, au kiondolewe kabisa na chungu kiinuliwe juu ya matofali mawili. Itakuwa hasara gani kuipamba nyumba kwa ua na kuiingizia homa!

La tatu ni wadudu. Konokono hupenda kulala katikati ya majani yake mchana, wakatoka usiku kula maua na miche mingine. Watafutwe kwa mkono baada ya mvua. Huko Afrika ya Kusini kuna nondo mmoja ambaye mtoto wake hutoboa kikonyo na kushuka mpaka katika shina. Tangu kiasi cha mwaka 2010 ameenea mpaka Cape ya magharibi, ambako hapo kabla hakuwako. Mwenye kuletewa miche na msafiri kutoka huko na aikatae isipokuwa imekaguliwa na watu wa serikali wa mimea. Ua moja halifai kuleta ugonjwa wa maua yote.

La nne ni kuenea. Huko New Zealand na Australia, ambako hali ya hewa imeupendeza kupita kiasi, mmea huu umetoka bustanini ukaingia misituni na kandokando ya barabara, na leo wahesabiwa katika magugu. Kwetu sisi wa nchi za juu ni bora kujihadhari mapema. Vipande vilivyokatwa visitupwe mtoni wala pembezoni mwa msitu. Vikaushwe juani mpaka vife kabisa.

BADALI YA MKAZI WA PWANI

Tuliahidi kumtajia ndugu yetu wa pwani kilicho bora kwake, na ahadi ni deni. Asumini hukaa katika chungu, haihitaji baridi, na mwaka mzima haiachi kutoa maua yake meupe. Mrehani huota kwa kijitawi kilichochomekwa tu. Waridi la kienyeji hupenda jua na hukatwa likachipua. Na mwenye nafasi ya mti na apande kilua au mlangilangi. Maua haya hayana kichwa kikubwa cha samawati cha kumsimamisha mpita njia, lakini yana harufu, na agapanthasi haina harufu ya kutajika. Tena yanajua joto letu, nasi twajua kuyatunza tangu enzi za mabibi zetu.

Hatusemi haya kwa kuidharau agapanthasi. Kule Limuru, asubuhi ya ukungu, hakuna ua linaloishinda. Twasema kwamba kila kitu kina mahali pake, na mtu aipambaye nyumba yake kwa kinachostahimili mahali pake hupata raha kwa gharama ndogo. Mwenye kuipamba kwa alichokiona kwa jirani wa nchi nyingine hununua kila mwaka, na kila mwaka huhuzunika.

Wal-hasil, mkifika mahali pa kuuzia miche, msiulize bei kwanza. Ulizeni: mmea huu umetoka wapi? Je, unapukutisha majani, au haupukutishi? Umekuzwa hapa hapa, au umeshushwa kutoka bara? Je, ni wa kimo kirefu, au ni ule mfupi ufaao chunguni? Muuzaji mwaminifu atafurahi kuulizwa. Asiyejua au asiyetaka kujibu, mwacheni na miche yake. Wauzaji ni wengi.

Na watoto wetu washirikishwe. Mtoto aliyepewa chungu chake mwenyewe, akaambiwa atie kidole katika udongo kabla ya kutia maji, hujifunza kupima kabla ya kutenda. Akingoja miaka mitatu kwa mbegu moja, hujifunza subira ambayo haifundishiki kwa fimbo. Na siku ya kugawa miche, yeye ndiye apelekwe kwa jirani akiwa na kipande chake mkononi kimefungwa katika gazeti lililoloweshwa, na aelezwe njiani namna ya kumwambia jirani kipandwe wapi.

Wabillahi tawfiki.